Tuisifu Hitilafu ya www

Sisi si wachoyo wa sifa. Bwana harusi husifiwa, marehemu husifiwa, na mgombea husifiwa hata kabla hajatenda lolote la kusifiwa. Aliyebaki bila msifu ni hitilafu moja ya mtandaoni ambayo watumiaji wengi wa simu wameshakutana nayo: unaandika mfano.co.tz, kivinjari kinagoma, unaandika www.mfano.co.tz, tovuti inafunguka papo hapo, picha na bei zote zipo. Wengi huilaani kidogo wakaendelea na shughuli zao. Mafundi nao huiona ni kosa la wanafunzi, lisilostahili hata kusimuliwa wakati wa chai. Wote, nadai, wameidhulumu. Katika ukoo mzima wa hitilafu za mtandao sioni yenye elimu kuishinda hii, na elimu yake yote inatokana na tabia yake moja: huharibu nusu, ikaacha nusu nzima.

Chukua hitilafu zenye hadhi. Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora au kupotea Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Taarifa zilitolewa, magazeti yakaandika. Lakini mtu aliyekaa na simu mkononi alijifunza nini kuhusu mtandao? Kila kitu kiliyumba kwa pamoja, na kikiyumba chote hakibaki cha kulinganishia. Hitilafu yetu huja na ushahidi wake. Simu ni ileile, bando ni lilelile, mnara ni uleule na dakika ni ileile. Kilichobadilika ni herufi tatu na nukta. Washtakiwa wetu wa kila siku wanaachiwa huru bila dhamana: kampuni ya simu, mvua, nyaya za baharini. Aliyezoea kumaliza kila mjadala kwa kusema "mtandao unasumbua" anakosa pa kuegemea, na huenda kwa mara ya kwanza akalazimika kuuliza swali la maana: hivi jina la tovuti ni nini hasa?

Jibu lake ni kwamba jina ni maandishi katika daftari la mtu fulani. Kompyuta hutafutana kwa namba. Majina tumewekewa sisi. Zamani majina yote yaliandikwa katika faili moja lililotunzwa na Taasisi ya Utafiti ya Stanford kule California, na kila kompyuta ilinakili kutoka huko. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa DNS, ambamo kila mwenye kikoa hutunziwa daftari lake. Katika daftari hilo, mfano.co.tz ni jina moja na www.mfano.co.tz ni jina jingine. Mjumbe wa nyumba kumi akiwa ameandika "Baba Asha" peke yake, mgeni anayemuulizia Salum Juma ataambiwa hakuna mtu kama huyo, ingawa anayetafutwa amekaa barazani hatua chache kutoka hapo. Hakuna aliyesema uongo. Jina la pili halikuandikwa, basi. Hata hizo herufi tatu hazina baraka yoyote ya asili. Tovuti ya kwanza duniani, aliyoianzisha Tim Berners-Lee kule CERN, iliitwa info.cern.ch. Desturi ya www ilienea kwa sababu watu walipenda kuita mashine kwa kazi yake: ya barua iitwe mail, ya mafaili iitwe ftp, na ya wavuti iitwe www. Desturi ikazoeleka hadi ikadhaniwa ni sheria.

Sifa ya pili ya hitilafu hii ni usemaji wake wa wazi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kivinjari kikisema anwani haipatikani, basi jina tupu halikuandikiwa namba katika DNS, na wa kupigiwa simu ni anayetunza daftari. Kikionyesha onyo jekundu kwamba mawasiliano si salama, jina limepatikana lakini cheti cha usalama hakikulitaja. Mara nyingi kosa ni la aliyeagiza cheti chenye kinyota, *.mfano.co.tz, akiamini kinyota kimefunika kila kitu; kumbe hufunika yanayotangulia nukta, na jina tupu hubaki nje. Ukifunguka ukurasa wa kukaribisha wa kampuni inayohifadhi tovuti, daftari ni sahihi, ila seva haijaambiwa kwamba jina hilo nalo ni la mteja huyu. Na kivinjari kikilalamika kuwa kimeelekezwa mara nyingi mno, furahi, kwa sababu umekutana na hitilafu katika ubora wake: mahali pamoja pameagiza kila mgeni wa jina tupu apelekwe kwenye www, mahali pengine pameagiza kila mgeni wa www apelekwe kwenye jina tupu, na kila mmoja anatekeleza wajibu wake kwa uaminifu usio na doa. Ni ugonjwa gani mwingine unaomtajia mgonjwa jina la daktari? Isitoshe, hufundisha subira. Ukisharekebisha daftari, seva za mitandao mbalimbali huendelea kukumbuka jibu la zamani hadi muda uliopangwa uishe, na pengine muda huo ni sekunde 86,400, yaani siku nzima. Hapo fundi aliyezoea kuzima na kuwasha ruta huambiwa kwa upole akalale.

Mfanyabiashara atanijia juu. Atasema wateja wake huandika jina bila www, maana nani leo ana muda wa kuandika herufi za ziada kwenye simu, na wakikuta kimya hawarudi. Ni kweli, na sina nia ya kumdhihaki. Lakini aangalie kwa nini hakujua mapema. Kivinjari chake kimeshaizoea anwani yenye www. Akiandika herufi mbili tu, kinamalizia chenyewe. Fundi wake vilevile. Hitilafu hii ina adabu ya ajabu: haimsumbui mwenye nyumba hata siku moja, humngoja mgeni. Aliyemfukuza mteja ni yeye, aliyepokea tovuti, akaifungua kwa njia moja, akalipa, asijaribu tena kwa jina tupu. Njia za kujaribu hazizidi nne: yenye www na isiyo nayo, kila moja kwa http na kwa https. Zote nne zinapaswa kuishia mahali pamoja. Anayeikemea hitilafu bila kufanya jaribio hilo anamgombeza mleta barua.

Wengine, wenye elimu zaidi, husema dawa ni kuizika www moja kwa moja. Hapa sifa za hitilafu yetu zinageuka kuwa za kihistoria. Waraka wa DNS uitwao RFC 1034, wa Novemba 1987, uliruhusu jina liwe lakabu ya jina lingine kwa rekodi iitwayo CNAME, kwa sharti kwamba jina lililo lakabu lisiwe na rekodi nyingine yoyote. Jina tupu la kikoa halina budi kubeba rekodi zinazotaja seva zake na usimamizi wake. Kwa hiyo haliwezi kuwa lakabu. Jina la www linaweza. Ndiyo maana tovuti inayohifadhiwa na kampuni kubwa zinazobadilisha namba za seva zao mara kwa mara hukaa vizuri kwenye www, na jina tupu huhitaji ujanja. Sharti hilo liliandikwa zaidi ya mwaka mmoja kabla Berners-Lee hajawasilisha pendekezo lake la 1989, kwa hiyo wavuti haikuwapo ili iulizwe. Mafundi wamehangaika nalo tangu hapo: Cloudflare ilileta njia yake ya kulizunguka mwaka 2014, na mwaka 2023 waraka RFC 9460 ukaleta aina mpya ya rekodi inayoweza kutumika hata kwenye jina tupu. Ni hitilafu chache zilizowapa wahandisi kazi ya halali kwa muda mrefu hivyo.

Adui wa kweli wa hitilafu hii ni huruma ya watengeneza vivinjari. Septemba 2018 Google, katika toleo la 69 la Chrome, iliificha www kwenye sehemu ya anwani. Watumiaji wakapinga, wakisema kwamba anwani mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na kurasa tofauti, ikarudishwa, na mwaka 2019 toleo la 76 likaificha tena. Mtu hubonyeza anwani ndipo azione herufi. Nia ilikuwa kurahisisha macho, lakini dalili ikifichwa ugonjwa hauponi. Kinachopotea ni uwezo wa mtumiaji kuona ni jina lipi lililofunguka na lipi lililogoma.

Na nimeiachia nafasi ya mwisho huduma yake kubwa kuliko zote. Marekebisho yenyewe, mara nyingi, ni mstari mmoja katika daftari, kazi ya dakika chache kwa mwenye neno la siri. Hapo ndipo ofisi nzima hutazamana. Neno la siri analo kijana aliyetengeneza tovuti, kijana ameshahama, namba yake haipatikani, na baada ya kuulizana inagundulika kwamba kikoa kimesajiliwa kwa jina lake na barua pepe yake binafsi. Kikoa hulipiwa kwa muda maalumu. Muda ukiisha bila malipo, tovuti na barua pepe za ofisi huzimika pamoja, www ikiwamo. Mkurugenzi asingeuliza kikoa ni cha nani wakati kila kitu kinafunguka, na siku kila kitu kitakapozimika atakuwa amechelewa. Ameuliza leo, kabla ya tarehe ya kulipia, kwa sababu nusu ya tovuti yake haifunguki.