Gunzi na Kazi Zake

Gunzi ni kile kinachobaki hindi likishapukuchuliwa. Wengine huliita bunzi au guguta. Kazi ni zilezile. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, gunia la kilo 100 za punje huacha magunzi ya takribani kilo 18, na mwenye akili hayatupi.

Kazi huanza palepale penye kupukuchua: gunzi tupu husuguliwa kwenye hindi kavu ili kuokoa kidole gumba. Kidole kisichookolewa hujieleza jioni, wakati wa kumega ugali wa moto.

Jikoni ndiko gunzi linakojulikana tabia. Moyo wake ni laini kama sponji, ukuta wake mgumu kama mti. Hushika moto upesi, huwaka kwa mwali mkali, na kwisha. Maji huchemka vizuri kabisa. Moto hufifia pale mpishi anapoushika mwiko kwa mikono miwili. Hapo mtoto hutumwa magunzi mengine, kumbe ameyapanga uani kuwa kundi lake la ng'ombe, na hayuko tayari kuchoma fahali.

Kifuniko cha dumu kikipotea, gunzi huchongwa likawa kizibo. Likinywa maji huvimba na kuziba barabara. Kulitoa ndiyo kazi: huvutwa, hung'atwa, mwishowe husukumwa ndani, likaelea humo wiki nzima. La dumu la mafuta ya taa, lililofungwa nyuma ya pikipiki kwenda Mugumu, huchomoka lenyewe kwenye shimo la kwanza, na abiria hushuka akinuka kama koroboi.

Huko Marekani, katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, magunzi hutengenezwa viko tangu 1869, na Jenerali Douglas MacArthur alipigwa picha nyingi akiwa na kiko cha namna hiyo mdomoni. Gunzi la Tarime bado halijapata jenerali.

Limepata choo. Lililokauka mno hukwaruza, lililolowa humomonyoka. Haliozi upesi, ndiyo maana shimo hujaa mapema. Na mgeni wa kijijini akiliingiza kwenye choo cha kuvuta maji mjini Mwanza, fundi huitwa kabla ya chai.

Penye madebe mawili ya magunzi yanayofanana, moja la jikoni na moja la chooni, mgeni aulize kwanza.