Jua la Pili Muyama

Harusi ilikuwa saa saba mchana, hapa Muyama, jua likiwa utosini. Kwenye video, fundi wetu akaongeza jua jingine. Linachomoza begani mwa bwana harusi na kutema miduara ya zambarau hadi kwenye masufuria. Bibi akauliza kama kijana alipigwa radi.

Mng'ao wa namna hiyo kwa asili ni kasoro: mwanga mkali huingia kwenye lenzi, hurukaruka kati ya vioo vya ndani na kuacha madoa kwenye picha. Watengenezaji wa lenzi huvipaka vioo utando ili kuuzuia. Sisi tunaununua upya, nyongeza ya programu ya video ya After Effects! Hata J.J. Abrams, mwongozaji wa filamu ya Star Trek, alikiri mwaka 2013 kwamba alizidisha. Fundi wetu hajakiri. Ameutia hata kwenye koroboi.

Basi fundi, angalau uufunge kwenye taa yake, kamera ikigeuka nao ugeuke, mtu akipita mbele ya taa uzimike. Wako ulipenya tumbo la mshenga, ukatokea mgongoni, na mwenyewe anaendelea kula.