Wanaobana Mishipa Yako: Kutoka Namba Tano Hadi Moja

Ukiinuka kitandani kwa ghafla, damu inataka kukimbilia miguuni. Kabla hujamaliza kupiga mwayo, neva za simpathetiki zimeshabana mishipa midogo ili ubongo usikose damu. Sifa za kazi hiyo kwa kawaida hupewa mjumbe mmoja wa kikemikali anayetolewa na neva hizo. Jamani, kidole kimoja hakivunji chawa! Wanaoshiriki ni kadhaa; tuwapange, tukianzia chini. Asiyeridhika na mpangilio huu alete wake.

5. Sikio la sungura

Si mjumbe, najua, lakini linastahili kiti. Mwaka 1851 Mfaransa Claude Bernard alikata neva ya simpathetiki shingoni mwa sungura, na sikio la upande ule likapata joto na kujaa damu. Mwaka uliofuata Brown-Séquard, mzaliwa wa Morisi, aliichochea neva hiyo kwa umeme: mishipa ikabana, sikio likapoa. Kumbe neva hizi hazisubiri hatari, zinabana kidogo saa zote. Sungura yule hajashukuriwa vya kutosha.

4. Noradrenalini

Ndiyo, nyota mwenyewe, namba nne. Msinipige mawe. Ulf von Euler wa Uswidi alimtambua mwaka 1946, na Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 1970. Hushika vipokezi vya alfa-1, kalsiamu ikafunguliwa kutoka maghala ya ndani ya seli, na msuli laini ukabana na kubaki umebana. Kazi safi kabisa. Ila kila picha yumo mbele, leo asogee kidogo wenzake waonekane.

3. Nyuropeptidi Y

Huyu haji kwa shughuli ndogo. Hukaa kwenye vifuko vikubwa ndani ya neva na hutoka hasa neva inapopiga kwa kasi, kama wakati wa mazoezi makali au damu inapovuja kwa wingi. Kazuhiko Tatemoto na Viktor Mutt walimpata Stockholm mwaka 1982, kwenye ubongo wa nguruwe: mnyororo wa amino asidi 36. Katika mishipa mingi, akiwa peke yake hafanyi la maana. Mweke pembeni ya noradrenalini uone: dozi ileile inabana kwa nguvu zaidi, na kwa muda mrefu. Kuna watu kazi yao ni kuwang'arisha wenzao, na mimi nawapenda.

2. Breki

Noradrenalini hurudi kugonga vipokezi vya alfa-2 kwenye neva ileile iliyomtoa: basi, imetosha. Nyuropeptidi Y hutoa amri hiyo kupitia vipokezi vya Y2. ATP nayo, mjumbe wa namba moja hapa chini, ikivunjwa huzaa adenosini, ambayo pia huituliza neva. Wajumbe wanaojikatiza wenyewe! Nioneshe kikao cha harusi chenye nidhamu hiyo.

1. ATP

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 1972 Geoffrey Burnstock alisema baadhi ya neva zinatumia ATP kama mjumbe. Wengi wakakataa katakata: nishati ya kila seli itumwe barua? Mwaka 1976 akaongeza swali zito zaidi, kama neva moja haiwezi kutoa wajumbe zaidi ya mmoja.

Jibu unaweza kulitazama kwa macho. Chukua pete ya ateri ndogo ya utumbo, itundike kwenye nyaya nyembamba ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili, uchochee neva zake kwa umeme. Inabana. Mimina prazosini, dawa inayoziba alfa-1, kisha uchochee tena. Ungetegemea ilale, lakini inabana tena! Ziba na vipokezi vya ATP, ndipo inapoachia.

Siri yake ni mwendo. ATP hufungua kipokezi chake, mlango uitwao P2X1, papo hapo, kalsiamu ikaingia kutoka nje, msuli ukashtuka kabla noradrenalini hajajipanga kuudumisha mbano. Na mara nyingi ateri zikizidi kuwa ndogo, mchango wake unazidi kukua. Ateri hizo ndogo ndizo zenye usemi mkubwa kwenye presha yako.