Kadi za Dabo Zilizozidi Pesa

Bahasha za kadi zilitapakaa sebuleni, kochini hadi chini ya meza, na Shangazi, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya dada yetu, alishika karatasi mbili zisizopatana. Jumla ya michango ilikuwa pungufu. Kadi za dabo, za kuingiza watu wawili, zilikuwa nyingi mno. Jirani aliyetoa ahadi tu kaandikiwa dabo, wakati Mjomba, aliyekabidhi elfu themanini taslimu, kapewa singo, ya mtu mmoja.

"Mwanangu, kompyuta yako itatugombanisha na watu," akamwambia mdogo wangu, mweka hazina.

"Shangazi, fomula haina makosa. Itazame."

Tukaitazama: =IF(C2>=100000,"Dabo",IF(C2>=50000,"Singo","Hakuna")). Kweli, ilikuwa imepangwa vizuri. Excel hupima masharti kwa zamu na kuishia kwenye la kwanza linalotimia, ndiyo maana laki hutangulia. Angeanza na elfu hamsini, hata mtu wa laki tano angeambulia singo.

Tatizo lilikuwa kwenye safu ya C, ile ya michango. Nyumbani kwetu kila mtu aliyepokea mchango aliuingiza mwenyewe, kwa mwandiko wake. Tarakimu zilikuwa zimejipanga upande wa kulia wa seli, kama Excel inavyozipanga yenyewe. Lakini hapa na pale kulikuwa na kitu kimeegemea kushoto: "30,000/=", "ahadi", "ataleta Ijumaa". Ile alama ya /= tuliyozoea kuiweka kwenye risiti hugeuza kiasi chote kuwa maandishi. Na Excel ikilinganisha maandishi na namba, maandishi ndiyo makubwa siku zote. Kwa hiyo "ahadi" ilishinda laki moja na kujipatia dabo. Kisha SUM, inayojumlisha safu hiyohiyo, ikayaruka maandishi yote bila kusema neno. Seli moja ikaongeza wageni wawili ukumbini, na mfukoni haikuingiza hata shilingi.

Jambo hili liliniuma. Mchango ni heshima ya mtu; aliyejinyima akatoa hapaswi kukaa nyuma ya neno lililoandikwa kwa haraka. Fomula inapaswa kuuliza kwanza kama kilichomo ni namba, ndipo iulize ukubwa wake.

Mdogo wangu akaandika upya: =IF(ISNUMBER(C2),IF(C2>=100000,"Dabo",IF(C2>=50000,"Singo","Hakuna")),"Kagua"). Ahadi zikahamishiwa safu yake. Alama za /= tukazifuta moja moja, na kila tulipofuta, kiasi kiliruka kwenda kulia na jumla ikapanda. Mtoa elfu thelathini akabaki bila kadi. Shangazi akasema huyo tutamwalika kwa mdomo, maana alimuuguza Bibi.

Yakabaki majina ya "Kagua". Shangazi akavaa miwani, akasoma la kwanza: Baba Mkubwa, kaka yake wa tumbo moja. Akachukua simu palepale.

"Shikamoo kaka. Ile Ijumaa uliyosema, ni ya wiki gani?"