Mtoto wa Baron na Bibi wa Paris

Waungwana wa Guérande, mji wa Bretagne wenye kuta za ngome na mashamba ya chumvi, walikuwa na kila kitu isipokuwa fedha. Ndivyo Balzac anavyowachora katika riwaya yake Béatrix, aliyoanza kuitoa 1839. Nasaba ya Baron du Guénic ni ndefu kuliko mfuko wake. Jioni nyumbani kwake watu hucheza karata kwa vijisenti, padri akiwemo.

Jirani yao, Félicité des Touches, ni mambo mengine. Anaandika vitabu kwa jina la Camille Maupin, tena anavuta buruma! Wacha Mungu wanaguna, halafu wanataka kujua kila kinachotendeka kwake.

Calyste, mtoto wa baron, hakauki huko. Félicité anampenda, lakini moyo wa kijana uko kwa Béatrix, mke wa mtu, bibi aliyetoroka Paris na mwanamuziki. Anapokataliwa, huko Le Croisic, kijana wetu mwenye adabu za kale anamsukuma Béatrix kutoka jabalini. Kichaka kikamdaka. Ushamba huo! Paris wangemmaliza kwa ulimi tu, bila kuchafua viatu.

Baadaye Calyste anamwoa Sabine de Grandlieu, kisha anamrudia Béatrix. Mama mkwe, mcha Mungu wa kupigiwa mfano, anaona sala pekee zitachelewa, na wahuni wa mjini wanatafutwa ili wamtongoze Béatrix. Lakini kwanza, bila shaka, padri anaulizwa.