Namna ya Kuinyamazisha Opampi Inayosema Bila Kuulizwa

Umeletewa miksa ya kanisa hapa Manyatta. Ukiiwasha, spika zinapiga kishindo. Ukizungusha volyumu, zinakwaruza. Kabla ya yote, fundi, shusha mkono: hakuna kofi lililowahi kuondoa milivolti.

1. Itie kimya. Unganisha ingizo la maikrofoni na graundi, kisha weka multimita kwenye DC na upime pato la opampi, ile aisii inayokuza ishara. Hakuna anayeimba, hivyo unatarajia sifuri. Ukisoma volti, opampi inasema bila kuulizwa.

2. Usiihukumu kabla ya kugawanya volti hizo kwa ukuzaji wa saketi. Aisii ya 4558, iliyojaa kwenye miksa, inaruhusiwa kuzaliwa na kasoro ya hadi milivolti 6 kwenye ingizo, kwa kuwa transista zake mbili za mbele hazilingani kikamilifu. Risista ya kiloomu 100 kutoka pato hadi ingizo hasi, na ya kiloomu 1 kutoka hapo hadi graundi, zinakuza mara 101, na milivolti 6 zinakuwa 606. Hatua inayofuata ikikuza mara 20, inadaiwa volti 12, na pengine stima ya miksa haina za kulipa.

3. Msake mshtakiwa wa pili. Kila ingizo la 4558 hunywa mkondo mdogo, hadi nanoampea 500. Mkondo huo ukipita kwenye risista nyingine ya kiloomu 100, ile itokayo ingizo chanya kwenda graundi, unaacha milivolti 50. Zikuze mara 101: volti 5! Ukiweka aisii mpya ya namba ileile, umemfunga asiyehusika.

4. Weka kapasita. Mwimbaji hatoi DC. Funga kapasita ya mikrofaradi 22 mfululizo na ile risista ya kiloomu 1 iendayo graundi. DC sasa inakuzwa mara 1 tu, na muziki bado mara 101, kwani mpaka uko kwenye hezi 7 hivi, chini ya besi yoyote ya benga. Tena, ingizo hasi sasa linanywa kupitia kiloomu 100 sawa na mwenzake, na zile milivolti 50 zinafutana karibu zote.

5. Jua kapasita isipofaa. Mzani wa kupimia samaki pale Dunga hutoa DC; kapasita ingefuta kasoro pamoja na samaki. Hapo tafuta OP07 ya daraja E, ambayo kasoro yake haizidi mikrovolti 75. Ukiwa na 741 pekee, funga potenshiometa ya kiloomu 10 kati ya miguu 1 na 5, na mguu wake wa kati uende kwenye stima hasi. Rekebisha saketi ikishapata joto lake la kazi, kwa sababu kasoro hii huhama na joto, na mabati ya kibanda hayana huruma.

6. Andika vipimo vya kabla na baada, umkabidhi mwenye miksa. Akiona volti zimegeuka milivolti, atajua amelipia kazi iliyopimwa.