Barua ya Wazi kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi

YAH: OMBI LA KUSAJILIWA KWA MNAZI

Waheshimiwa, husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mvuvi wa dagaa kisiwani Goziba, wilaya ya Muleba. Najenga ng'ambo, Kamachumu. Siku za giza tunawasha taa na kuvua. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawana haja na taa zetu, tunakaa ufukweni tunashona nyavu. Fundi wangu hajawahi kupanda mtumbwi, lakini kalenda ya mwezi ameikariri kuliko sisi. Giza likiisha tu, simu inaita: "Bosi, tumekwama simenti." Nikishatuma, mbalamwezi nzima hapatikani.

Sisemi ananinyima taarifa. Ninazo tele. Najua nondo zimepanda bei, najua tripu ya mchanga imepanda, najua saidia fundi kaugua na mkewe kajifungua. Nisichojua ni nyumba imefika wapi.

Juzi nikaomba picha. Ikaja: ukuta umenyooka, kozi zimepangwa vizuri, lenta imeshamwagwa na pembeni umesimama mnazi. Waheshimiwa, kiwanja changu kina migomba na mibuni. Nikamuuliza fundi. Hakusita: "Bosi, huo ni mgomba, kamera imeurefusha." Nikaikuza picha. Mgomba ulikuwa na nazi tano.

Sheria iliyowaunda ni ya 1997, na makandarasi wa majengo mnawapanga kuanzia daraja la kwanza hadi la saba. Kwenye miradi yao mikubwa hata mpita njia husoma kibao: mteja nani, mkandarasi nani, kazi inaanza lini na kuisha lini. Fundi wangu hana daraja wala kibao, na walalahoi wengi tunajengewa na mafundi wa aina yake. Kwa hiyo naomba muanzishe daraja la nane, la mafundi wa simu. Na mnazi ule uandikishwe kuwa kibao cha mradi wangu, maana ndicho kitu pekee nilichothibitisha kipo saiti, hata kama saiti yenyewe ni ya mtu mwingine.

Kwenye lenta, hata hivyo, sitanii. Tetemeko lilipoipiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016, watu 17 walifariki, na tuliona kuta zilivyolala. Zege likishamwagwa, nondo hazionekani tena. Aliye kisiwani ataambiwa zimo nne, kumbe zimo mbili. Picha ya lenta iliyokwisha kumwagwa zege hainisaidii kitu, iwe na mnazi au isiwe nao. Ninayoihitaji ni ya siku moja kabla.

Naomba basi mtoe agizo: zege lisimwagwe mpaka mwenye nyumba, au ndugu aliyemtuma, azihesabu nondo kwa macho yake. Na jibu lije kabla giza hili halijaisha, kwani fundi ameshaanza kuniulizia hela ya bati.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwenye nyumba mtarajiwa,
Goziba.